Kwa Nini Ardhi ya Mbali Hugeuka Tope Kwenye Kioo?

Ndugu wasikilizaji, wiki hii nazungumzia jambo ambalo wengi wenu mtaliita mchezo wa vijana. Lakini mchezo huu umekula shilingi laki sita za dada yangu, fedha alizokuwa amezitenga kwa ajili ya mabati ya chumba cha uani. Na mchezo ukishafika kwenye mabati, si mchezo tena.

Dada yangu ana kijana aliyemaliza kidato cha sita. Tangu akiwa mtoto mdogo, kijana huyo husema atakuwa rubani. Karo ya chuo cha urubani haipo, na haitazamiwi kupatikana mwaka huu wala mwakani. Basi akajipatia kompyuta iliyokwisha kutumika, akaweka ndani yake programu ya kuigiza urubani. Kwa wasioijua, programu hiyo hukuweka kwenye kiti cha rubani. Mbele yako pana dirisha la ndege, saa za mwendo na za kimo, na nje ya dirisha pana dunia: mito, mashamba, miji na milima. Mmarekani Bruce Artwick alikuwa mmoja wa waanzilishi wa kazi hii kwa kompyuta za nyumbani, na mwaka 1982 kampuni ya Microsoft ilianza kuuza programu iliyotokana na kazi yake. Siku zile ardhi ilikuwa mistari michache tu kwenye kioo. Leo utaona hata barabara ya kijijini kwenu.

Sasa, mpwa wangu huondoka na ndege ndogo ya injini moja kutoka uwanja wa Kilimanjaro, halafu hugeuza pua kuelekea mlimani. Na hapo ndipo maradhi yalipoanza. Ardhi iliyo chini ya ndege ilikuwa safi. Lakini mbele kidogo palikuwa na mstari, kama uliokatwa kwa kisu, na ng'ambo ya mstari huo nchi yote ilikuwa tope. Mbali zaidi, miteremko ya mlima ilikuwa na miraba miraba kama ubao wa drafti. Na kule kileleni, theluji na mwamba vilikuwa vikipepesa kama taa ya umeme inayotaka kuzimika.

Akaitwa fundi wa kompyuta. Fundi akatazama kwa muda wa kunywa chupa moja ya soda, akatoa hukumu: kadi ya picha imezeeka, inunuliwe mpya. Dada yangu, kwa mapenzi ya mama, akatoa fedha za mabati. Kadi mpya ikaja, ikafungwa, kompyuta ikawashwa. Mstari ulikuwa pale pale. Tope lilikuwa pale pale. Drafti ilikuwa pale pale.

Ndipo nikapigiwa simu. "Shikamoo mjomba. Mama analia." Mimi si fundi, ndugu wasikilizaji, ila nimekaa na vitu hivi miaka mingi kwa kupenda tu. Nilimwuliza kijana swali moja: "Huo mstari ukiufuata na ndege, unakungoja au unakukimbia?"

Akanyamaza kidogo. Hakuwa amejiuliza. Akasema, "Unanikimbia, mjomba. Kila nikisogea nao unasogea."

Swali hilo ndilo hasa mazungumzo yangu ya leo. Mafundi wengi huuliza kompyuta ina nguvu kiasi gani. Swali la kwanza lingekuwa kasoro yenyewe ina tabia gani. Maana kasoro za ardhi ya mbali zina tabia nne: ipo inayokukimbia, ipo inayokungoja, ipo inayopepesa, na ipo inayopona ukisubiri. Kila moja ina chanzo chake na dawa yake, na nyingi kati ya dawa hizo hazinunuliwi dukani.

Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Hebu tuone kwanza ardhi hii inaundwaje. Ina sehemu mbili: kiunzi na vazi. Kiunzi ni vipimo vya kimo cha nchi. Mwezi Februari mwaka 2000 chombo cha anga cha Marekani, Endeavour, kilizunguka dunia kwa siku 11 kikipima kwa rada kimo cha takriban asilimia 80 ya nchi kavu yote, na vipimo hivyo vimetumika katika programu nyingi za urubani. Kompyuta huviunganisha vipimo ikapata umbo la milima na mabonde. Halafu juu ya umbo hilo huvalisha picha, kama vile unavyotandika kitambaa juu ya rundo la viazi. Picha hiyo ndiyo vazi, nayo imeundwa kwa nukta ndogo ndogo za rangi.

Tatizo ni kwamba vazi la karibu na vazi la mbali haviwezi kushonwa namna moja. Chukua mkeka wenye nakshi, utandike ukumbini, kisha simama mlangoni uutazame. Upande wa karibu nawe utaona kila ukili. Upande wa mwisho utaona rangi tu, kwa sababu jicho limezichanganya nakshi zikawa kitu kimoja. Kompyuta haina hekima hiyo. Ikijaribu kubana nukta elfu moja za picha katika nafasi ya nukta kumi za kioo, itaokota kumi na kuacha nyingine zote. Ndege ikisogea kidogo, itaokota kumi nyingine. Matokeo yake ni ardhi inayometameta na kuchezacheza. Mmepata kuiona hali hii kwenye televisheni: mtangazaji amevaa shati la mistari myembamba, yeye ametulia, shati linacheza.

Mwaka 1983 mtaalamu wa Marekani, Lance Williams, alitangaza ufumbuzi ambao mpaka leo ndio msingi wa kazi hii. Picha moja iwekwe katika vipimo vingi. Kama picha ya kwanza ina upana wa nukta 1,024, basi iwepo nyingine ya 512, nyingine ya 256, na kuendelea kwa kugawa nusu mpaka nukta moja. Karibu itumike kubwa, mbali itumike ndogo. Gharama yake ni nafuu, maana picha zote hizo ndogo kwa pamoja huongeza theluthi moja tu ya nafasi. Utaratibu huo ulipewa jina la mip, herufi za maneno ya Kilatini yenye maana ya "mengi ndani ya kidogo".

Ndiyo kusema kwamba ardhi ya mbali hupunguzwa undani kwa makusudi. Kazi tuliyo nayo ni kujua kama imepunguzwa kwa adabu au imepunguzwa ovyo.

Tuanze na kasoro inayokukimbia. Mstari unaosogea pamoja na ndege hauko ardhini. Ungekuwa ardhini, ungeupita kama unavyoupita mto. Mstari huo uko katika uchoraji: ni mahali ambapo kompyuta inaacha picha kubwa na kushika ndogo. Kuna vichujio viwili vya kuuficha. Cha kwanza huchanganya picha mbili polepole mpakani, ili jicho lisione mshono. Cha pili hushughulikia mshazari. Rubani haitazami ardhi akiwa juu yake moja kwa moja, huitazama kwa kuinama, kwa hiyo kila picha ya mbali imebanwa upande mmoja na mwingine umebaki mpana. Kompyuta isipokuwa na kichujio cha pili, huchagua picha ndogo kuliko inavyostahili, na hilo ndilo tope. Ikiwa nacho, huchukua sampuli kadhaa kwa kila nukta, 2, 4, 8 au mpaka 16, na ardhi ya mbali hufunguka.

Nilimwambia mpwa wangu afungue ukurasa wa mipangilio ya kadi ya picha, sio wa programu ya urubani, aangalie vichujio vimewekwaje. Akakuta vimezimwa vyote. Yule fundi, ili kompyuta iende haraka, alikuwa amechagua mpangilio wa kupendelea kasi kuliko ubora, na amri ya kadi ilikuwa inaipiku amri ya programu. Alipofunga kadi mpya akaweka mpangilio ule ule kwa mazoea. Kijana akaruhusu programu iamue yenyewe, na ndani ya programu akaweka kichujio cha mshazari kwenye 16. Mstari ukatoweka, tope likakauka. Hakutumia hata senti moja. Na ile kadi ya zamani ilikuwa imekwisha kuuzwa kwa bei ya kutupa.

Kama vichujio viko sawa na mstari bado upo, tafuta katika programu kipimo cha umbali wa undani wa ardhi. Ukikiongeza na mstari ukarudi nyuma kuelekea upeo wa macho, umempata mchawi wako. Hapo uamuzi ni wako: kila ukiusukuma mbali zaidi, kompyuta inabeba mzigo mkubwa zaidi.

Sasa tuje kwenye kasoro inayokungoja. Ile miraba ya drafti kwenye miteremko haikukimbia. Kijana alipoikaribia aliikuta mahali pale pale. Hii iko katika takwimu za ardhi yenyewe, na wala kadi ya mamilioni haitaiondoa. Programu nyingi hazina picha halisi ya kila shamba duniani. Zina picha ya jumla ya shamba, nyingine ya msitu, nyingine ya mji, na huzirudia kama ua linavyorudiwa kwenye jora la kitenge. Ukiwa karibu unaona ua moja. Ukilitandaza jora lote uwanjani na kusimama mbali, unaona marudio. Dawa ni kupata takwimu bora za eneo hilo, au kuizoea.

Katika kundi hili yamo na maajabu mengine. Rada ya mwaka 2000 haikuweza kuona nyuma ya kuta za milima mikali, ikaacha matundu katika vipimo. Matundu hayo yasipozibwa vizuri, mlima hupata shimo au mnara usiokuwepo. Katika FlightGear, programu ya bure iliyoanzishwa katika miaka ya 1990, kipande cha nchi ambacho hujakipakua huonekana kuwa bahari, hata kama ni Dodoma. Na mwaka 2020, Microsoft ilipotoa toleo jipya la programu yake, marubani wa nyumbani waliona jengo jembamba mno limesimama kama sindano juu ya nyumba za kawaida katika mji wa Melbourne, Australia, likionekana kutoka mbali. Ilikuja kugundulika kwamba mchangiaji mmoja wa ramani huria ya OpenStreetMap aliandika ghorofa 212 badala ya 2, na kompyuta ikajenga kama ilivyoambiwa. Hebu fikiri mtu anunue kadi mpya ili kuliondoa jengo lile!

Kasoro ya tatu ni ile inayopepesa. Theluji na mwamba kubadilishana kila ndege inapotikisika, au ziwa kutoboa ufuko wake, maana yake kompyuta haijui kipi kiko mbele na kipi kiko nyuma. Kila nukta ya kioo ina namba ya umbali wake. Kwa kawaida namba hizo zina ngazi zaidi ya milioni 16, na utadhani zinatosha. Lakini kwa utaratibu wa zamani hazigawanywi sawasawa. Kama hesabu inaanzia meta moja kutoka machoni, nusu ya ngazi zote zinakuwa zimekwisha kabla ya kufika meta mbili! Kufika kilomita 40, ngazi moja ina urefu wa karibu meta 95. Vitu viwili vilivyoachana kwa meta 50 huko mbali, kwa kompyuta ni kitu kimoja, na hugombania nukta kama abiria wawili wenye tiketi za kiti kimoja. Programu za siku hizi zina hesabu bora zaidi. Kwenye programu za zamani, angalia kama lipo toleo jipya, au kama kuna nyongeza uliyoiweka inayotandaza tabaka la pili juu ya ardhi ile ile. Mpwa wangu alikuwa nayo. Aliiondoa, na kilele kikatulia.

Ya nne ni ile inayopona ukisubiri. Siku nyingine kijana aliacha ndege ndogo akapanda ndege ya abiria, na ardhi yote ikawa ukungu. Nikamwambia asimamishe safari angani, aende akanywe maji, arudi. Aliporudi, nchi ilikuwa imefunguka. Maana yake ni kwamba picha zipo, ila zinachelewa kufika. Ndege inayokwenda kilomita 220 kwa saa hupita meta 61 kila sekunde. Inayokwenda 900 hupita meta 250. Anayeleta picha kutoka kwenye diski anatakiwa akimbie mara nne zaidi. Na katika programu zinazovuta picha za ardhi kwa njia ya intaneti, kama ile ya Microsoft ya mwaka 2020 ambayo ghala lake lilitajwa kuwa zaidi ya gigabaiti milioni mbili, kisababishi kinaweza kuwa ni intaneti ya nyumbani kwako tu. Funga programu nyingine, punguza ukubwa wa picha, futa akiba ya zamani ya picha kama imeharibika, na ikibidi kununua kitu, nunua diski ya kasi kabla ya kufikiria kadi.

Ndugu wasikilizaji, mnaona? Kijana alikuwa na maradhi matatu kwa mpigo, na fundi aliyapa jina moja. Miraba haikuwa ya kadi. Mpepeso haukuwa wa kadi. Mstari ulikuwa wa mpangilio. Laki sita zilikwenda kutibu kitu kisichoumwa.

Basi kwa yeyote mwenye tatizo kama hili, nashauri hivi. Kabla ya kugusa chochote, tunza nakala ya mipangilio yako na uandike kwenye karatasi kilivyokuwa. Ruka njia ile ile, saa ile ile, hali ya hewa ile ile. Badili jambo moja tu, halafu utazame. Ukibadili mambo matano kwa pamoja na ardhi ikapona, hutajua kilichoiponya, na siku ikiugua tena utaanza upya.

Tena, msidhani kila kilichofifia ni kibovu. Rubani wa kweli akiwa juu ya Moshi haoni kila mti wa upande wa pili. Kuna vumbi, kuna unyevu, na milima ya mbali hugeuka rangi ya buluu. Wenye kutunga programu hutumia utusitusi huo huo kufunika mahali ambapo undani unaisha. Ukichagua hewa safi kupita kiasi, umejifunulia mwenyewe mshono uliokuwa umefichwa.

Mpwa wangu aliniuliza, "Lakini mjomba, si ni kioo tu? Kwa nini tuhangaike hivi?" Nikamweleza habari ya Mlima Erebus. Tarehe 28 Novemba 1979, ndege ya Air New Zealand aina ya DC-10 iliyowachukua watalii kwenda kuitazama Antaktika iligonga mteremko wa mlima huo. Watu wote 257 waliokuwamo walikufa. Takwimu za njia katika kompyuta ya ndege zilikuwa zimebadilishwa bila marubani kuarifiwa, nao wakajikuta wanaelekea mlimani wakidhani wako kwingine. Chini ya mawingu hewa ilikuwa wazi. Lakini theluji ya mlima na weupe wa mawingu vilikuwa vimeungana, hakuna mwamba, hakuna kivuli, hakuna alama. Mbele ya macho yao mlima ulikuwa umevuliwa vazi, na macho yakaona uwanda tambarare.

Kijana akanyamaza. Anayetaka kurusha watu hewani siku moja hana budi aanze mapema kuuliza anachokiona kimetoka wapi: kimepimwa, kimekisiwa, au bado hakijafika. Tabia hiyo kompyuta kuukuu inaweza kuifundisha vizuri tu, hata kabla karo haijapatikana.

Na kwa sisi wazazi na walezi tunaotoa fedha, fundi akija na bei kabla hajauliza swali, mwambie akae kwanza anywe soda ya pili. Kuuliza si ujinga. Chumba cha uani cha dada yangu mpaka leo kimeezekwa turubai, na masika hayako mbali.